Mwalimu Alisema Niende Kwetu



Sisi tuliosomea ualimu tuliandika wote katika kaye zetu kwamba adhabu ni njia mojawapo ya kumlea mwanafunzi. Tuliikariri, tukaitoa siku ya mtihani, tukapata pointi zetu. Lakini sikumbuki profesa hata mmoja aliyetuuliza swali hili dogo: yule mtoto anajua kwamba ameadhibiwa? Mimi swali hilo lilinikuta mwezi wa kumi mwaka 2019, viatu vimejaa matope, nikimtafuta mtoto wa miaka sita kati ya meza za soko la Kadutu, hapa Bukavu. Naona leo niwaeleze, juu wengi wenu sasa ni walimu, na wengine ni wazazi ambao kila jioni mnasikia habari za masomo zisizo na kichwa wala miguu.

Mwaka ule mnaukumbuka. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilikuwa imeshasema kwamba shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure, lakini wazazi waliendelea kulipa mpaka Septemba 2019, gratwite ilipoanza kutekelezwa kweli. Watoto wakamiminika. Mimi nilipewa kelasi ya kwanza ya primeri, watoto 87. Benchi la watu watatu lilibeba watano. Waliokosa nafasi waliketi chini, karibu na ubao, na chaki ikiwaangukia kichwani.

Siku hiyo, kama saa tatu asubuhi, mtoto mmoja wa nyuma alikuwa anapiga ngoma juu ya benchi kwa vidole. Nilimwambia anyamaze mara ya kwanza, mara ya pili. Ya tatu nikachoka. Nikapaza sauti: "Wewe, toka! Enda kwenu!"

Ninyi mnajua tunavyosema. Hakuna mwalimu anayetaka mtoto aende kwao kweli. Maana yake ni: simama pale mlangoni, uone aibu kidogo, kisha baada ya dakika tano uombe pardoni, urudi. Hiyo ni tafsiri yetu sisi watu wakubwa. Yule mtoto alikunja kaye yake, akaweka krayo ndani ya mkoba, akaufunga vizuri, akaja mpaka mbele yangu na kuninyoshea mkono.

"Mwalimu, bakia muzuri."

Kelasi yote ikacheka. Mimi nikadhani ananidharau mbele ya wenzake. Sikumpa mkono. Nikafunga mlango nyuma yake, nikarudi kwenye hesabu.

Saa ya mapumziko nilifungua mlango nikitazamia kumkuta pale, uso umeinama. Hakuna mtu. Nikazunguka shule nzima, nikaenda kwa vyoo, nikauliza kelasi ya pili. Hakuna. Nikamfuata sentineli wetu pale langoni, mzee mpole sana. "Eh, yule mutoto alipita zamani. Nilimuuliza, akaniambia Mwalimu alisema niende kwetu. Ningefanya nini?" Kweli, angefanya nini. Mtoto alisema ukweli mtupu.

Mvua ilikuwa imeanza. Wenyeji wa Bukavu wanajua mvua ya mwezi wa kumi na mitelemko yetu: mifereji inajaa kwa dakika chache, na njia za udongo zinageuka utelezi. Na kutoka shuleni mpaka sokoni kuna barabara kubwa ya kuvuka, malori yanashuka, bamotari wanapita kulia na kushoto. Sitawaeleza nilichowaza njiani.

Mama yake anauza sambaza. Aliponiona akafurahi. "Karibu Mwalimu! Mbona umekuja na mvua?" Mtoto alikuwa chini ya meza, mkavu, anakula andazi. Mama akaendelea: "Aliniambia leo alifanya vizuri kuliko benzake bote, njo maana ulimuacha atoke wa kwanza. Nikasema basi, nimununulie andazi."

Nilikosa pa kuweka uso. Kwanza nilidhani mtoto amedanganya. Lakini nilipokuwa nimesimama pale, maji yananitiririka shingoni, nikakumbuka desturi yangu mwenyewe. Kila siku saa sita nilikuwa nasema: "Benchi lililonyamaza njo litoke la kwanza." Watoto walikuwa wanashindana kwa hilo, wanakunja mikono, wanafunga midomo mpaka mashavu yanavimba. Katika kelasi yangu, "toka" ilikuwa zawadi. Ni mimi niliyewafundisha hivyo, siku baada ya siku, tangu mwezi wa tisa. Halafu asubuhi moja nikachukua neno lilelile, nikalitumia kama fimbo, nikashangaa kwamba halikuuma.

Nilimweleza mama ukweli. Alinyamaza. Alifunika sambaza zake kwa plastiki, pole pole, kisha akaniuliza: "Na kama motari angemugonga, ungenipatia neno gani?" Sikuwa nalo. Hata leo sina.

Tangu siku hiyo nilianza kuangalia adhabu kwa macho ya mtoto, na naweza kuwaambia kwamba jambo hili si ajabu ya mtoto mmoja. Mtoto wa miaka mitano, sita, saba hasomi adhabu kwa nia ya mwalimu. Nia haionekani. Anaisoma kwa umbo lake: nimewekwa wapi, nimepewa nini, nani ananitazama, neno hili nyumbani kwetu lina maana gani. Ninyi wa saikolojia mtanikumbusha Jean Piaget, yule Mswisi aliyewachunguza watoto wa Geneva na kuchapisha mwaka 1932 kitabu chake juu ya hukumu ya maadili kwa mtoto. Aliwasimulia watoto hadithi mbili. Mtoto mmoja anaitwa kula, anafungua mlango, hajui kwamba nyuma yake kuna kiti chenye vikombe 15, vyote vinavunjika. Mwingine anapanda juu kuiba konfitiri mama hayupo, anavunja kikombe kimoja. Nani mbaya zaidi? Watoto wadogo wengi walisema ni yule wa vikombe 15. Wakubwa kidogo ndio walioanza kuuliza: alitaka kufanya nini?

Watafiti waliokuja nyuma walimsahihisha kidogo. Walionyesha kwamba hata mtoto mdogo anaweza kuzingatia nia ya mtu, ikiwa ameelezwa nia hiyo waziwazi. Hapo ndipo pana faida kwetu sisi walimu: akili ya mtoto ipo, maelezo ndiyo yanakosa. Tunamwachia akisie, naye anakisia kwa vitu anavyovijua.

Mfano. Sisi wote tulipita katika kelasi zenye orodha ya wapiga kelele. Mwalimu akitoka, shefu wa kelasi anaandika majina ubaoni, na mwalimu akirudi, wenye majina wanalipa. Kwa mtoto wa kelasi ya tano, kuona jina lake pale ni tumbo kuuma. Lakini wangu wa kelasi ya kwanza? Siku moja nilirudi nikakuta majina manne ubaoni na watoto wanasukumana mbele. Nikadhani wanapigana. Kumbe wanamsihi shefu. Mmoja akaja kwangu na machozi: "Mwalimu, na mimi aandike jina yangu, yangu hajaiandika hata siku moja." Kwake ubao ni mahali pa vitu vya maana. Pale ndipo mwalimu anaandika tarehe na herufi nzuri. Jina lako likipanda pale, umepanda na wewe. Nawaambia ukweli, watoto wawili walijifunza kuandika majina yao kwa kunakili kutoka orodha ile ya wakosaji. Sikuweza tena kuifuta kwa hasira.

Kupiga magoti ni hivyohivyo. Shule yetu ilikuwa chini ya wakatoliki, na watoto wengi walikuwa wamezoea kanisa kabla ya kuzoea masomo. Nilimwambia msichana mmoja apige magoti mbele. Akapiga, akaunganisha mikono, akafumba macho, akaanza Salamu Maria kwa sauti nzuri kabisa. Kelasi yote ikamfuata. Ningefanya nini, nimkataze kusali? Nikangoja mpaka Amina. Na msidhani alikuwa mjanja. Magoti kwake yana kazi moja tu, na aliifanya.

Kuna hii ya lugha pia, na hapa naomba tukae kidogo, sababu ndiyo nzito kwa nchi yetu. Mtoto wa Kadutu anaingia kelasi ya kwanza na Kiswahili chake, na pengine Mashi au Kirega cha nyumbani. Sheria ya mwaka 2014 juu ya elimu ya taifa inakubali lugha za taifa na lugha za mazingira kama njia ya kufundishia, na katika kelasi za chini kweli tunafundisha kwa Kiswahili. Lakini angalieni vizuri: hesabu tunaieleza kwa Kiswahili, halafu tukikasirika tunaruka kwa Kifaransa. Silansi! Pinisio! Deori! Maneno ya nidhamu, ambayo ndiyo mtoto alipaswa kuelewa kwanza, ndiyo tunampatia kwa lugha asiyoijua. Anachosikia ni sauti kubwa tu. Nilimpa mtoto wa kelasi ya pili kazi ya kuandika mara 50, kwa Kifaransa, kwamba hatazungumza tena darasani. Aliniletea kesho yake ukurasa safi, herufi zimenyooka, akasimama anangoja. Nikamuuliza anangoja nini. "Pointi," akasema. Alikuwa amechora ile sentensi mara 50 kama mtu anayechora majani. Hakujua hata neno moja. Nilimpa 8 juu ya 10, na bado naona ilikuwa haki yake.

Baba yangu aliniambia yake, ya miaka ya Zaire. Shuleni kwao aliyesema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, walikiita simboli, na alikaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosa, amvishe. Baba alikuwa mdogo, wiki zake za kwanza. Alivishwa, akafurahi. Jioni alitoroka nacho mpaka kwa nyanya yangu kuonyesha medali yake. Nyanya, ambaye hakuingia shule maisha yake yote, akampongeza na kumchinjia kuku. Baba alikuwa anasimulia hayo akicheka, lakini alikuwa anamalizia kwa sauti nyingine: wiki iliyofuata wakubwa walimweleza kibao kile ni cha nini, na ndipo alipoanza kumwonea haya nyanya na lugha yake. Simboli haikumuumiza alipoivaa. Ilimuumiza alipoielewa. Kwa hiyo nisidanganye kwamba kila adhabu inayoeleweka ni nzuri. Nyingine, heri mtoto asingeielewa kamwe.

Buletini nayo ina yake. Mnajua kuna mstari wa konduiti, mwalimu anaandika TB, B, au kitu kingine kisichopendeza. Baba mmoja dereva wa lori alinifuata shuleni akitaka kufa kwa kicheko. Mtoto wake alipata alama mbaya ya konduiti, akafika nyumbani akamwambia: "Papa, Mwalimu anasema sijui kuendesha. Unifundishe." Kwa Kifaransa neno ni moja, mwenendo na uendeshaji, na katika nyumba ya dereva linajulikana kwa maana moja tu. Tukacheka wote wawili. Lakini yule baba aliniambia pia kwamba mtoto alishika usukani wa lori lililosimama, jioni nzima, anafanya mazoezi ili trimestri ijayo apate TB. Tamaa ya kujirekebisha alikuwa nayo. Hakujua tu arekebishe nini.

Juu ya "omba pardoni" nitapita haraka. Tukimlazimisha mtoto kutamka neno hilo bila kingine chochote, analichukua kama tiketi ya basi. Nilikuwa na mmoja aliyekuwa anasema kwanza "pardoni", kisha ndipo ananyang'anya krayo ya mwenzake. Alikuwa ameshalipa mapema.

Sasa, kuna upande ambao hauchekeshi. Mimi nilikuwa na amri moja kali: hakuna mtu kusimama bila ruhusa. Ilikuwa lazima, watoto 87 wakisimama ni soko. Siku moja msichana wa benchi la pili alijikojolea. Wenzake wakapiga kelele, mimi nikamfokea kwa nini hakuomba kutoka. Akajibu chini chini: "Ulisema hakuna mutu kusimama." Na mimi nilikuwa nimewafundisha kuomba ruhusa kwa kusimama kwanza! Hakuona mlango wowote katika amri yangu. Alitii mpaka mwisho, halafu akaadhibiwa kwa utii wake. Hakuja siku tatu. Mama yake aliniambia alikuwa amekataa kunywa maji asubuhi, ili shida isirudi. Mtoto wa miaka sita anajinyima maji ili awe na nidhamu. Tunapohesabu watoto wanaoacha shule tunasema ni pesa, ni umbali, ni vita, na ni kweli. Lakini wengine nafikiri wanatupotea kwa tundu kama hili, na hakuna ripoti inayoliandika.

Sheria yetu ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inataka nidhamu ya mtoto, iwe nyumbani au shuleni, itolewe kwa utu. Zaire ilikuwa imeshakubali Mkataba wa Haki za Mtoto tangu 1990, na kifungu cha 28 kinasema maneno ya jinsi hiyo. Wengi tunafikiri sheria hizo zinaongelea fimbo tu. Fimbo imo, na nitasema neno moja juu yake: niliwahi kuwauliza watoto wangu, kwa utulivu, kwa nini mwalimu wa jirani alimchapa mwenzao asubuhi ile. Mmoja akasema, juu alikuwa pembeni. Mwingine, juu alilia. Wa tatu akasema, juu Mwalimu ana njaa. Hakuna aliyetaja kosa. Kelasi nzima ilikuwa imetazama somo lile la fimbo na hakuna aliyeondoka na somo. Yule wa njaa, kusema kweli, huenda alikuwa karibu zaidi na ukweli, mkikumbuka mishahara yetu ya miezi ile.

Mtaniuliza basi nafanya nini. Si mengi. Neno "toka" nimeliwekea kazi moja, ya saa sita. Sentineli hapitishi mtoto bila karatasi yangu, na hilo tulilikubaliana siku ileile ya mvua. Kosa nalitaja kwa Kiswahili, kwa jina lake: si "wewe mubaya", bali "umepiga benchi na mwenzako hasikii". Adhabu inakuja palepale, sababu mtoto wa umri huo ukimwadhibu mchana kwa kosa la asubuhi, anadhani unamwadhibu kwa kile alichokishika mkononi saa hiyo. Na namwomba anirudishie kwa mdomo wake: nimekuweka hapa kwa nini? Jibu lake ndilo linaniambia kama nimeadhibu au nimepoteza wakati. Direkta wangu anaona hayo ni maneno mengi, na katika kelasi ya watoto 87 hana kosa kabisa. Kuna siku nimechoka, nafokea kama zamani, Kifaransa kinanitoka chenyewe.

Swali lile nalo halitoi kila mara jibu ninalolitaka. Mwaka uliofuata nilimhamisha mtoto mmoja msumbufu kutoka nyuma, nikamketisha peke yake mbele, karibu na dirisha, uso kwa ubao. Baada ya muda nikainama kwake: "Papa, nimekuweka hapa juu ya nini?"

Akafikiri. "Juu huku kuna mwangaza. Kule nyuma nilikuwa sioni vizuri."

Nikatazama dirisha, nikatazama kule nyuma alikotoka, ambako taa haikuwahi kuwako. Nikamwachia nafasi hiyo mpaka mwisho wa trimestri.